Mpekuzi na Kamba ya Kisima

Mzee Mageni hakuwa na ng'ombe hata mmoja, jambo ambalo Msukuma wa umri wake hulieleza kabla hajaulizwa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Binti yake wa pekee, Justa, aliolewa Ushetu kwa wakulima wa tumbaku na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Hakuwa na cheti cha shule yoyote. Hakuwa na bomba, kwa sababu mabomba ya mradi yalikuwa hayajafika upande wao. Hakuwa na meno ya juu upande wa kulia. Wala hakuwa na mtu aliyemwamini, ukimwondoa mkewe Scolastika, na huyo naye Mageni alimwamini zaidi kwa mambo ya jikoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na kawaida ya kuingia.

Alichokuwa nacho ni kisima. Alikichimba kwa mikono yake mwaka aliorudi kutoka mgodini Mwadui, mita kumi na moja kwenda chini, akajenga matofali kuzunguka mdomo na kukata vishimo vya kukanyagia ukutani. Kwa zaidi ya miaka thelathini kisima hicho kiliwanywesha yeye, mkewe, mbuzi sita na matuta manne ya mchicha. Wenzake walioishi njia ile ya kutoka Kolandoto walikwenda kufukua mchanga wa mto. Yeye alivuta kamba uani kwake.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, ndoo ilianza kurudi na tope. Mwezi wa kumi ilirudi na tope peke yake. Scolastika akachukua dumu la lita ishirini akaanza safari za mtoni, nusu saa kwenda na zaidi ya hapo kurudi, na goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu masika.

"Tafuta fundi, Baba Justa," alisema siku ya nne. "Hili goti halitafika Krismasi."

Fundi aliyepatikana aliitwa Stanslaus. Alikuwa mtu wa machimbo, kutoka upande wa Geita, mwembamba, wa miaka kama arobaini, ameoa kijiji cha jirani mwanamke mfinyanzi aitwaye Martina. Alifika asubuhi na pikipiki yake, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Scolastika kwa Kisukuma, kama mtu amwitaye mama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa visima?"

"Ndiyo, mzee. Siku hizi nachimba maji."

"Na zamani?"

"Zamani nilichimba mawe."

Mawe, kwa watu wa Geita, ni yale yenye dhahabu. Mageni alilisikia neno hilo, akaliweka mahali.

Stanslaus alikizunguka kisima mara mbili. Akawasha kibatari, akakifunga kwenye kamba na kukiteremsha polepole, huku akikitazama. Kilipokaribia chini, mwali ukazimika. Akakata matawi ya mwarobaini, akayafunga kama fagio kubwa na kuyapandisha na kuyashusha ndani ya kisima kwa muda mrefu, mpaka kibatari kiliposhuka tena na kuendelea kuwaka.

"Hewa imekufa huko chini," alisema. "Kila siku tutaifufua kwanza. Kazi yenyewe ni hii, mzee. Nitoe tope, nishuke mita mbili zaidi, kisha tuingize pete za zege na kuzizungushia changarawe. Lakini imalizike kabla ya mvua. Nikishachimba hizo mita mbili, ukuta wa chini utakuwa mtupu. Mvua kubwa ya kwanza ikiukuta bila pete, utaporomoka, na huu wa juu utaufuata. Hapo hutakuwa na kisima cha kutengeneza."

"Nimeelewa."

"Na nina masharti. Nikiwa chini, mwanamke asifike mdomoni. Viatu visikanyage hapa. Kifusi kisirundikwe karibu, kiende mbali. Na kamba uishike wewe mwenyewe."

Kwenye kamba kulikuwa na winchi ya mti yenye mikono miwili, ambayo hata mzee aliweza kuizungusha. "Kwa nini mimi?" Mageni aliuliza. "Nitafute kibarua."

"Kibarua huenda kuvuta sigara. Mwenye kisima haendi popote. Kisima ni chake."

Mageni aliona maneno hayo yana akili. Lakini masharti yenyewe aliyajua. Yalikuwa masharti ya duara, shimo la dhahabu. Hakuwa amewahi kusikia mtu anavua viatu kwa ajili ya maji.

Jioni alikwenda dukani kwa Zamoyoni, ambaye baba yake alitoka pwani na kufungua duka hapo kabla ya uhuru. Zamoyoni alikuwa pia na lori aina ya Fuso lililopeleka mchele na sabuni Katoro, huko Geita, kila Alhamisi.

"Fundi wa Geita anakuchimbia maji?" Zamoyoni alicheka, akipima sukari. "Mzee wangu, Geita wanajua maji ya kuoshea dhahabu tu. Angalia usije ukachimbiwa kitu kingine."

"Hapa hakuna kitu kingine."

"Nani amekuambia? Almasi iko hapo Mwadui, dhahabu iko kule kwao. Sisi tuko katikati, hatuna hata kokoto? Mungu hagawi hivyo. Sema tu hujachimba kwa kina."

"Nipe sukari yangu."

"Chukua. Ukiwa tajiri usisahau nilikuuzia."

Mageni alicheka naye, lakini njiani hakucheka. Miaka ishirini na mbili alikuwa mpekuzi getini, mgodini Mwadui. Alipapasa pindo za suruali za maelfu ya watu, akawafumbua midomo, akawapekua nywele. Humo humo mgodini, jioni baada ya zamu, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, alikwenda darasa la watu wazima akajifunza kusoma, na baada ya mwaka akawa anawaandikia wenzake barua. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfanya awe mtu. Kusoma kulimfundisha kwamba kila jambo lina maandishi yake. Geti lilimfundisha kwamba mtu anayetoka getini anatembea tofauti na mtu anayeingia.

Kazi ilianza. Walitangulia kufyatua pete saba za zege kwa kalibu ya bati, zikaachwa uani zikauke polepole chini ya magunia yaliyoloweshwa. Kisha Stanslaus akashuka. Mageni aliizungusha winchi, ndoo za tope zikapanda, na kila ndoo aliimwaga kwenye kiroba kando ya ua, kama alivyoagizwa.

Siku ya pili aliona jambo. Stanslaus alipopanda kupumzika, alichota tope kwenye karai, akaongeza maji kidogo na kulizungusha, akimwaga taratibu, mpaka ukabaki mchanga tu chini. Akauinamia mchanga huo. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Unatafuta nini?" Mageni aliuliza.

"Nautazama tu, mzee."

Watafuta dhahabu wote huzungusha karai hivyo.

Siku ya tatu aliona lingine. Jua lilipoanza kushuka, Stanslaus alifunga viroba vitatu vya tope nyuma ya pikipiki na kuondoka navyo. Siku ya nne viwili. Siku ya kumi alikuwa bado akivibeba, vitatu tena.

"Kile kifusi unakipeleka wapi?"

"Mbali, mzee. Kama tulivyokubaliana."

"Mbali ni hapo nyuma ya zizi. Unakibebea pikipiki?"

Stanslaus alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo alidhani limeshajibiwa. "Kina kazi yake huko," alisema, akawasha pikipiki.

Mageni alimweleza mkewe usiku ule wakati wa kula. Scolastika alikuwa akimwekea mboga. "Tope la kisima," alisema. "Wewe ungelifanyia nini?"

"Siyo swali la mimi ningelifanyia nini. Swali ni yeye analifanyia nini."

"Kula, ugali unapoa."

Siku ya kumi na mbili Stanslaus alikuwa ameshafika mita mbili chini ya vile vishimo vya kukanyagia. Sehemu hiyo mpya ilikuwa laini na mbichi. Bila kamba asingeweza kuipanda mpaka afike kishimo cha kwanza. Mfuko wake wa turubai ulikuwa umening'inia kwenye mpini wa pikipiki. Mageni aliufunga mkono wa winchi kwa kigingi chake, akauendea. Miaka ilikuwa imepita, lakini vidole vilikumbuka. Shati. Kipande cha muhogo. Bisibisi. Na katika mfuko mdogo wa pembeni, kitambaa kilichofungwa fundo mara mbili. Akakifungua. Ndani mlikuwa na mchanga wa kijivu, uliooshwa safi, na kijiwe kimoja cheupe, kidogo kuliko punje ya hindi.

Hakikuwa almasi. Hilo alilijua mara moja. Lakini mpekuzi hafundishwi kutambua almasi. Hiyo ni kazi ya watu wengine ndani ya ofisi. Mpekuzi hufundishwa kuuliza kwa nini kitu kimefungwa fundo mara mbili.

Akarudi kisimani na kitambaa mkononi.

"Stanslaus."

"Naam, mzee. Nivute, nimemaliza ya leo."

"Kuna kitambaa kwenye mfuko wako."

"Umefungua mfuko wangu?"

"Nimefungua. Hiki ni nini?"

"Nivute nikueleze, mzee. Hewa inaanza kuwa nzito."

"Nieleze nikuvute."

Sauti ya Stanslaus ilipanda polepole, ikagonga kuta. "Ni mchanga wa kisima chako. Nautumia kuchagulia changarawe. Changarawe ikiwa kubwa mno, mchanga utapita. Ikiwa ndogo mno, maji hayatapita. Hicho kijiwe ndicho kipimo. Nivute."

"Na viroba?"

"Mzee, nivute."

"Viroba vinakwenda wapi?"

Mageni alikuwa ameegemea winchi, mkono wake juu ya kigingi. Alijiambia ni dakika moja tu. Getini mtu aliweza kusimama hata saa nzima mpaka aseme. Alimsikia Stanslaus akihema, kisha akikwangua ukuta kwa kucha, kisha akiteleza na kuanguka kwenye tope.

"Nivute, baba," Stanslaus alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea na mwingine kabisa.

Mageni alisikia nyayo tupu nyuma yake. Scolastika alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, akichechemea. Aliuweka mwiko chini, akapita mstari ambao mwanamke alikatazwa kuupita, akang'oa kigingi na kushika mkono wa pili wa winchi.

"Vuta," alisema.

Wakavuta pamoja. Stanslaus alitokea mdomoni amejaa tope mpaka nyusi, macho yamemtoka, akashika matofali na kulala juu yake kwa tumbo. Alipopata pumzi alimwona Scolastika amesimama hapo hapo mdomoni.

"Ahsante, mayu," alisema.

Alinawa uso tu. Akachukua sururu na shati lake. Hakumwangalia Mageni, hakudai chochote, wala kitambaa chake hakukiomba. Pikipiki iliondoka bila viroba.

Kesho yake hakurudi, wala keshokutwa. Scolastika alichukua dumu akaenda mtoni. Mageni alimngoja aseme neno, amlaumu, lakini alimletea chai, alimletea ugali, akaondoa vyombo. Pete saba zilikaa uani kama mawe ya mchezo ambao wachezaji wake wameondoka. Upande wa Kahama mawingu yalianza kukusanyika kila alasiri.

Mageni aliwaza hivi: mtu asiye na kosa hurudi kudai malipo yake. Huyu amekimbia. Kwa hiyo ana kosa, na kosa lenyewe liko ndani ya vile viroba. Akivikuta, kila kitu kitanyooka, hata kile kigingi. Siku ya tatu akavaa koti lake na kutembea hadi kijiji cha jirani.

Kwa Martina hakukuwa na ukuta wa kujificha. Mwanamke alikuwa amekaa chini ya kibanda cha nyasi, mikono imejaa udongo mpaka viwiko, na mbele yake yamepangwa majiko ya kuni ya udongo, kama ishirini hivi, mengine mabichi, mengine yamekauka. Kando yake vilikuwepo viroba. Mageni alivitambua, kimoja kilikuwa kimeandikwa jina lake kwa kalamu nyekundu, tangu kilipokuwa cha mbegu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alichovya vidole ndani ya kiroba. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi wa bluu, laini kama siagi, ule wa mita ya kumi na mbili.

"Huu ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kupata," Martina alisema. "Haupasuki motoni. Umekuja kuutazama?"

"Nani alikupa?"

Martina alimtazama kwa mshangao. "Mama Justa. Tulionana mtoni. Alisema chukua wote, nitengenezee jiko moja tu. Mimi kisimani kwenu nisingeweza kufika, Stanslaus ana yale masharti yake, ndiyo maana akawa ananibebea. Jiko lenu hujaliona? Liko kwenu tangu Jumanne ya wiki ile."

Mageni alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu.

"Stanslaus yuko wapi?"

"Amerudi machimbo, karibu na Katoro. Simu ameniachia, huko huibiwa; ujumbe hupitia kwa mama ntilie anayewapikia." Akafinya udongo bila kuutazama. "Mimi nilimkataza asirudi. Kaka yake alifia huko, kwenye duara. Kifusi kilirundikwa mdomoni, kikateleza. Stanslaus ndiye aliyekuwa chini naye. Kaka yake alikuwa akiita avutwe, na yule wa juu kwenye kamba alikuwa amekwenda kuvuta sigara."

Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Alisema mmegombana. Hakusema nini. Mligombania nini, baba?"

Mageni aliinuka kutoka kwenye kinu, akafunga vifungo vya koti lake. Akaaga.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Ilimbidi ainame, maana mlango ulijengwa kwa kimo cha Scolastika. Jiko lilikuwepo, karibu na ukuta, la rangi ya kijivu inayoanza kuwa nyekundu, na sufuria juu yake. Kila chai aliyokunywa kwa zaidi ya wiki, na ugali aliokula usiku ule akimshuku fundi, vilipikwa hapo.

Scolastika alikuwa akipeta mchele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetaka iandikwe."

Ilikuwa kweli.

"Na siku ile kisimani? Kwa nini hukusema pale pale?"

"Pale palikuwa na mtu wa kuvutwa," alisema. "Baadaye nikaona, mtu aliyepekua mfuko wa mwenzake, acha apekue na nyumba yake. Imekuchukua siku tatu."

Mageni alichukua karatasi, akavaa miwani, akakaa mezani mpaka jua likageuka. Alikuwa ameandika barua za posa, za msiba, za mashamba yaliyovamiwa. Alipomaliza alimwita mkewe, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kusikiliza, akamsomea: "Kwa heshima na taadhima, nakuarifu kuwa kutokana na hali ya kutoelewana iliyojitokeza wakati wa zoezi la ukarabati wa kisima, kazi imesimama, na mvua zinakaribia, hivyo nakuomba..."

"Ni nzuri," Scolastika alisema.

"Nimeitafutia maneno."

"Nimeyasikia. Umeandika kisima. Umeandika mvua. Kamba iko wapi?"

Mageni alivua miwani. "Akiisoma mbele ya watu?"

"Basi wataisoma."

Akachana karatasi ile. Ya pili ilikuwa fupi, na ilimchukua muda mrefu zaidi.

"Stanslaus. Ulipokuwa ndani ya kisima mimi ndiye niliyeshika kamba. Uliniomba nikuvute, zaidi ya mara moja, sikukuvuta. Nilipekua mfuko wako. Hukuiba kitu. Udongo alikupa mke wangu, na mimi nimekula chakula kilichopikwa juu yake. Habari za kaka yako nimezisikia kwa Martina, lakini hata kama usingekuwa na kaka, nisingekuwa na haki. Pete ziko salama, nazimwagia maji asubuhi na jioni. Ukuta wa chini uko mtupu kama ulivyonionya. Ukirudi, kamba ataishika mtu utakayemchagua wewe. Usiporudi, malipo yako nitampa Martina na kisima nitajua la kufanya. Kipimo chako cha changarawe kimo humu. Mageni."

Alimsomea. Scolastika hakusema ni nzuri. Alikwenda jikoni, akarudi na donge dogo la ugali wa moto kwenye ncha ya kidole.

Mageni alikitia kile kitambaa ndani ya bahasha, kimefungwa fundo mara mbili kama alivyokikuta, akapaka ugali kwenye ukingo na kuubana kwa kiganja mpaka ukashika. Bahasha ilitoka na kitumbo.

Ilikuwa Alhamisi. Fuso la Zamoyoni lilikuwa likipakia sabuni mbele ya duka, na Zamoyoni mwenyewe amekaa mbele pamoja na dereva, tayari kwa safari.

"Katoro," Mageni alisema. "Kwa mama ntilie anayewapikia wachimbaji wa duara la Stanslaus. Martina alinitajia jina lake, nimeliandika hapo nyuma."

Zamoyoni aliipima bahasha mkononi, akaitikisa karibu na sikio. "Ina mchanga hii. Mzee wangu, umeipata dhahabu, unampelekea fundi fungu lake?"

"Ni mchanga wa kisimani."

"Nikifungua kidogo nikaona mwenyewe?"

Mageni alitoa kalamu mfukoni. Mgodini, bahasha iliyotoka getini ilitiwa saini juu ya mfuniko, ili ikifunguliwa ijulikane. Aliishika kalamu juu ya ule mshono wa ugali uliokuwa bado na joto. Mbali, upande wa Kahama, ngurumo ilisikika, ya kwanza msimu huu.

Akairudisha kalamu mfukoni.

"Mpe mkononi," alisema. "Na mwendeshe haraka, mfike kabla ya mvua."

Dereva aliwasha gari. Zamoyoni aliitia bahasha ndani ya mfuko wa kanzu yake, upande wa kifua, na Fuso likaingia barabarani.